Nilimuona Shangazi Akichukua Bangili za Mama, Kaka Anasema Hakuwepo

BARUA

Dada shikamoo, pole na majukumu. Naomba jina langu usilitaje maana kaka na wifi yangu wote wanasoma safu yako.

Mama yetu alifariki Tanga mimi nikiwa na miaka mitano, kaka alikuwa na 13. Kumbukumbu nilizonazo za mama ni tatu tu. Ananichana nywele barazani huku anaimba, harufu ya udi kwenye kanga yake, na hii ya tatu ndo imenifanya nikuandikie.

Siku ya msiba nyumba imejaa watu, mi nikaingia chumbani kwa mama nikajificha nyuma ya pazia la mlango. Shangazi yangu, dada wa baba, kapiga magoti mbele ya sanduku la bati la bluu, anatoa bangili za dhahabu za mama moja moja anazifunga kwenye pindo la kanga. Nasikia mpaka leo zinavyogongana, na ile harufu ya vidonge vyeupe vya kufukuza mende ilivyotoka sanduku lilipofunguliwa. Akageuka akaniona, akaweka kidole mdomoni. Basi.

Nililelewa na mama mdogo, Mungu amrehemu. Yeye ndo alikuwa kila kitu kwangu. Stori ya bangili aliijua na alikuwa anairudia, haswa ikifika sikukuu wenzangu wamevaa dhahabu za mama zao mi sina, ananiambia dhahabu zako ziko kwa shangazi yako. Nimekua na hilo. Harusini kwangu shangazi nilimwalika kwa kulazimishwa na baba na hata sare sikumpa, alikaa nyuma kama mgeni wa jirani, na sikuona vibaya.

Sasa hivi shangazi figo zimefeli. Anatakiwa kusafisha damu mara tatu kwa wiki na ameambiwa ahamie Dar. Kaka yuko Mwanza kikazi, mimi naishi karibu na hospitali na nina chumba cha wageni, kwa hiyo kaka akanipigia akasema mpokee. Nikalipuka dada. Nikamwambia kila kitu kwa mara ya kwanza maana kumbe kaka hakuwahi kuisikia hii stori, alikuwa bodingi miaka yote ile. Akakaa kimya, halafu akasema, "Wewe, shangazi hakuwepo. Alikuwa Pemba, alifika siku ya tatu tumeshazika. Na bangili baba aliziuza kwa sonara mama akiwa anaumwa, mimi ndo nilimsindikiza."

Baba naye ameshatangulia. Wa kumuuliza amebaki shangazi mwenyewe.

Mume wangu anasema mtoto wa miaka mitano hakumbuki kitu, nimwamini kaka yangu alikuwa mkubwa. Lakini mimi naona kabisa! Ningechora lile chumba. Halafu kilichonivuruga zaidi, juzi namsikia binti yangu wa miaka sita anamwambia dada wa kazi, "Mimi nilimuona bibi akiiba bangili kwenye sanduku la bluu." Sanduku hajawahi kuliona, lilioza kabla hajazaliwa. Nikacheka kwanza, baadae mwili ukanisisimka.

Nimechanganyikiwa au? Nimesoma mahali kwamba kuna picha za ubongo za MRI zinatofautisha kumbukumbu ya kweli na ya uongo, kama ipo hapa Dar niko tayari kulipa. Na kama hii ya bangili ni ya uongo, ile ya kuchanwa nywele nayo? Hapo ndo nalia dada. Kaka anataka jibu kabla ya Jumapili.

Mama wa binti mmoja, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole ya mama kwanza, maana barua yako mtu akiisoma haraka anaona ni ya bangili na shangazi, akiirudia anaona ni ya mtoto aliyebaki na vitu vitatu tu vya mama yake na sasa anaambiwa kimoja ni feki.

Hujachanganyikiwa. Ila naona umefunga mambo kadhaa kwenye fundo moja, kilichotokea siku ile, kumpokea au kutompokea mgonjwa, binti yako, na mama. Tukiyavuta yote kwa pamoja fundo litakaza tu.

Nianze na hapa uliposema "mimi naona kabisa". Nakuamini unaona. Swali ni kama kuona vizuri hivyo kunathibitisha kitu. Kulikuwa na bwana mmoja Mswisi, Jean Piaget, mmoja wa wataalamu wakubwa kabisa wa akili za watoto duniani, yeye alikuwa na kumbukumbu ya utotoni kwamba akiwa kwenye kigari cha mtoto huko Paris kuna mtu alijaribu kumteka, yaya wake akapambana naye mpaka akachubuliwa uso, watu wakajaa, polisi akaja na kirungu cheupe jambazi akakimbia. Aliziona zile alama za kucha usoni kwa yaya, na sehemu ilipotokea anaijua. Alipofika kama miaka 15 wazazi wake wakapokea barua kutoka kwa yule yaya, ameokoka anataka kutubu, akarudisha na saa aliyozawadiwa kwa ushujaa wake, akasema ile stori yote aliitunga. Hakukuwa na jambazi wala polisi. Piaget alikuwa ameisikia nyumbani akiwa mdogo, kichwa chake kikatengeneza picha, na ile picha ikahifadhiwa kama kitu alichokiona.

Usinielewe vibaya, sisemi wewe ni Piaget na mama mdogo ni yule yaya. Nakuonyesha tu kwamba alama za kucha, kirungu cheupe, bangili kugongana, vitu vidogo vidogo vya namna hiyo havitoshi kuwa ushahidi. Hata kwa watu wazima ni hivyo hivyo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani, watafiti Talarico na Rubin waliwauliza wanafunzi wa chuo siku iliyofuata walikuwa wapi na walisikiaje habari, wakawauliza tena baadae kwa nyakati tofauti. Maelezo yao yalibadilika na kupoteza vipande kama kumbukumbu za siku za kawaida tu, ila uhakika wao haukushuka. Waliendelea kuapa.

Kwa nini inakuwa hivyo? Tukio halikai kichwani kama video. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna kisehemu kinaitwa hipokampasi, kazi yake ni kuunganisha vipande, sauti kutoka huku, harufu kutoka kule, sura, mahali. Ukikumbuka, vile vipande vinaunganishwa upya. Halafu sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inatakiwa ikague, hii niliiona au niliambiwa, ni ya siku hii au ya siku nyingine. Hizo sehemu zinazungumza kupitia vifungu vya nyuzi, na kwa mtoto nyingi ya hizo nyuzi bado ni barabara za vumbi, lami yake, yaani ile tabaka ya mafuta inayozunguka nyuzi ili taarifa zipite haraka, inamwagwa polepole miaka na miaka. Kile kifungu kinachounganisha sehemu ya mbele na ile ya pembeni inayoshika kumbukumbu ni kati ya vinavyochelewa kabisa, kinaendelea kukomaa mpaka mtu anavuka miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anaona vizuri tu, anaweza kushika vizuri tu, ila kukumbuka alikitoa wapi, kwa macho yake au mdomoni kwa mtu, hapo ndo anapoyumba.

Kwa hiyo shemeji kakosea. Watoto wanakumbuka. Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya kama miaka mitatu, mitatu na nusu, na mitano imeshavuka hapo, tena siku ya msiba wa mama.

Na kaka naye asifurahi mapema. Hii huwa inawashangaza watu. Kuna jaribio unasomewa maneno, kitanda, mto, shuka, kuamka, ndoto, kukoroma, uchovu, baadae unaulizwa kama neno usingizi lilikuwemo. Watu wazima wengi watakwambia lilikuwemo, tena kwa kujiamini. Halikuwemo. Mwaka 2002 watafiti Brainerd na Reyna pamoja na mwenzao walionyesha kwamba watoto wa miaka mitano wanaingia kwenye mtego huu kidogo sana kuliko watu wazima, na makosa yanaongezeka umri unavyopanda. Kwa sababu kichwa cha mkubwa kimeshaunganisha maana na maana, kinajaza chenyewe kile ambacho kingepaswa kuwepo, cha mtoto hakijafika huko. Mtoto yuko dhaifu pale anapoambiwa na kuulizwa ulizwa, mkubwa yuko dhaifu pale anapojijazia mwenyewe. Kaka yako wa miaka 13 alikuwa katikati ya njia. Anaweza akawa alimsindikiza baba kwa sonara kweli, lakini je ziliuzwa zote? Siku ile shangazi alifika, au ni safari nyingine ya Pemba ndo imehamia kwenye msiba? Miaka ni mingi kwake pia, na yeye pia anampenda mtu kwenye hii stori.

Kuhusu MRI, weka pesa yako mfukoni. Ulichosoma kina ukweli ndani yake, mwaka 2009 watafiti wa Barcelona waliwapima watu wazima kwa jaribio la maneno kama lile, wakaona waliokumbuka vizuri maneno ya kweli na walioangukia zaidi ya uongo wanatofautiana kwenye vifungu tofauti vya nyuzi, kumbukumbu za kweli zinahusiana na kile kinachopita chini kuelekea maeneo ya hipokampasi, za uongo na kile kinachopita juu kuunganisha mbele na nyuma. Kitu kizuri, lakini ni wastani wa kundi la watu. Hakuna mashine popote, Dar wala Barcelona, itakayopiga picha ya kichwa chako ikasema hii ya bangili ni ya kweli. Akitokea mtu anakuuzia hiyo huduma, kimbia.

Sasa nikuulize, na sihitaji jibu, jiulize mwenyewe ukiwa umetulia. Kabla mama mdogo hajaanza kuisimulia, uliwahi kuisimulia wewe? Yaani yeye aliisikia kutoka kwako, au wewe kutoka kwake? Barua yako inasema "aliijua", haisemi aliijuaje. Najua hilo swali linauma maana ukiligusa unamgusa mtu aliyekulea. Ila mama mdogo kuwa amekosea, au kuwa na hasira na mawifi wa dada yake kama mawifi wanavyokuwa, hakufuti ugali aliokulisha. Anaweza kuwa aliamini kabisa anachosema. Na kuna uwezekano mwingine wa katikati ambao watu wanausahau, kwamba vipande vyote ni vya kweli ila siyo vya siku moja wala vya mtu mmoja. Hapo naishia, sitaki kukutajia mfano, maana ukisoma mfano wangu mara mbili tatu nao utaanza kuuona nyuma ya pazia.

Mama kukuchana nywele je? Siwezi kukuapia kwamba kila kipande kiko sawa, wimbo huenda ni wa siku nyingine. Lakini kumbukumbu moja ikiwa na kasoro haiziambukizi nyingine. Ile ya bangili ilisimuliwa mara nyingi, ina mtu wa kulaumiwa, iliamshwa kila sikukuu. Ya nywele nani aliisimulia? Kama haikuwa na msimuliaji, imetembea njia tofauti kabisa. Na kaka yako alikuwa kwenye ile nyumba, alikuwa na miaka 13, ana kumbukumbu za mama zaidi ya tatu. Umewahi kumuomba akusimulie mama, achana na msiba, mama mwenyewe?

Tuje kwenye chumba cha wageni. Hapa naona umebanwa na wazo kwamba lazima ujue kwanza kama aliiba ndo ujue kama utampokea. Si lazima. Hata angekuwa shangazi unayemwabudu bado ungetakiwa kujiuliza. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara ni kama masaa manne kwenye mashine, anarudi hoi, chakula chake kina masharti, chumvi, maji kwa kipimo, baadhi ya matunda hagusi. Na haiishi baada ya mwezi, figo zikifeli moja kwa moja ni maisha isipokuwa apate upandikizaji. Nani analipa, bima ipo? Nani anamsindikiza we ukiwa kazini? Kaka anatuma kiasi gani? Maswali hayo hayana bangili ndani yake.

Ukimpokea huku umenyamaza, inawezekana, watu wameishi hivyo na baadhi moyo ulilainika wenyewe. Hatari yake ni kwamba hasira isiyosemwa inatokea sehemu nyingine, kwenye chai iliyochelewa, kwenye kumjibu mkato mbele ya mtoto, na mgonjwa hana pa kwenda. Ukikataa, una haki hiyo, unaweza ukachangia kodi ya chumba karibu na hospitali au kumlipa mtu wa kumhudumia. Ila mwambie kaka unakataa kwa sababu gani, na ujiandae kwamba familia itaongea, na kwamba akifariki kabla hamjaonana hilo nalo utabaki nalo.

Ukitaka kumuuliza, namna ya kuuliza ndo kila kitu. "Kwa nini uliiba bangili za mama" siyo swali, ni hukumu, na kama hakuiba umempiga mtu kitandani. "Shangazi, nisimulie siku mama alipofariki, we ulikuwa wapi, ulisikiaje" ni swali. Muache aongee. Ujue tu kwamba na yeye ni mzee, sumu ikijaa mwilini kwa ajili ya figo akili inakuwa nzito, kwa hiyo akisema sikumbuki siyo lazima awe anaficha, na akikiri siyo lazima iwe ndo mwisho wa mjadala. Usimuulize siku aliyotoka kwenye mashine.

Kabla ya hapo ningekuwa wewe ningefanya kitu kimoja, ningemwambia kaka tusijadili tena hii stori kwenye simu, kila mtu aandike peke yake anachokumbuka, na pembeni ya kila kitu aandike amekijuaje, nimeona, nimeambiwa, nadhani. Watu wakikumbuka pamoja wanaambukizana, baada ya mwezi mtakuwa na stori moja isiyo ya yeyote. Barua hii uliyoniletea itunze kama ilivyo. Halafu kama kuna jirani wa zamani Tanga bado yupo, au picha za msiba, tafuteni kimya kimya mmoja mmoja. Tafadhali usiitupe kwenye grupu la familia. Huko kufikia jioni watakuwepo watu kumi waliomuona shangazi na kumi waliomuona Pemba.

Binti yako sasa, maana huyu kwangu ni wa haraka kuliko shangazi. Hadanganyi. Alikusikia ukiongea na simu, sanduku la bluu likaingia kichwani likapata rangi. Stephen Ceci wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, miaka ya 90, waliwauliza watoto wadogo kila wiki kwa wiki kama kumi hivi, jaribu kukumbuka, uliwahi kubanwa kidole na mtego wa panya ukapelekwa hospitali? Kitu ambacho hakikutokea. Kuulizwa tu, basi. Mwisho wake zaidi ya nusu ya wale wadogo wakawa wamekubali na kusimulia angalau tukio moja la uongo, wengine kwa madoido mengi, na wapo walioambiwa na wazazi wao kwamba haikutokea wakakataa, wakasema hapana nakumbuka mimi.

Kwa hiyo usimgombeze, usimwite muongo, na usimhoji "una uhakika?" kila siku, ukimhoji unamkazia. Mwambie mara moja kwa upole, "Hiyo stori ulinisikia mimi naisema, wewe ulikuwa hujazaliwa, na mama bado anautafuta ukweli wake." Kisha badilisha mazungumzo. Dada wa kazi naye aambiwe asiichochee. Na kama bibi atakuja kuishi hapo, mtoto asimpokee mlangoni na neno mwizi, hilo litakuwa juu yenu nyinyi wakubwa.

Jumapili siyo tarehe ya mahakama. Unaweza kumwambia kaka, nimesikia, niko tayari tuongelee gharama na muda, chumba nitakujibu nikishajua anaanza lini mashine na nani atakuwa naye mchana. Kama haraka ni ya daktari, hata wiki mbili za kuanzia kwa makubaliano zinawezekana bila kuahidi mwaka. Nawe shemeji muombe kitu kimoja, badala ya kukwambia watoto hawakumbuki, akae na wewe jioni moja umsimulie zile mbili nyingine, za nywele na za udi, yeye asikilize tu.

Niandikie ukishaongea na kaka.